Kamba ya Watu Wawili

Kamba ni chombo cha kale mno. Mwanadamu alijua kusokota nyuzi zamani kabla hajajua kufua chuma wala kutengeneza gurudumu, na katika pwani ya Afrika Mashariki ujuzi huo ulifikia daraja kubwa, hata mitepe ikajengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila ya msumari wa chuma. Mabaharia walitweka tanga kwa henza, wakatia nanga kwa amari, na kila kamba chomboni ilikuwa na jina lake na kazi yake. Lakini katika kamba zote ambazo mwanadamu amezisokota iko moja ambayo historia yake ni fupi na ina msiba ndani yake. Hiyo ni kamba ambayo kwayo mwokozi hushushwa kutoka mahali pa juu, pengine paani, pengine juu ya jabali, ili amfikie mtu aliyefungiwa njia zote za kuteremka. Kamba hiyo huanza safari na mtu mmoja, ikaimaliza na watu wawili. Jambo hilo laonekana dogo. Walakini iliwachukua wenye kazi hiyo miaka mingi kulipima sawasawa, na kipimo chake hakikupatikana bure.

Mpaka Vita Kuu ya Pili ya Dunia kamba iliyosifiwa kuliko zote kwa kazi nzito katika Ulaya na Marekani ilikuwa ya manila. Nyuzi zake hutolewa katika mmea wa jamii ya mgomba uotao katika visiwa vya Ufilipino, na mabaharia, wapanda milima na wazimamoto waliitumia kwa imani moja. Ya pili yake ilikuwa kamba ya katani. Mkonge uliletwa Tanganyika katika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na uzao wa hiyo 62 ukayajaza mashamba makubwa ya Tanga na Pangani. Wajapani walipoiteka Ufilipino katika mwaka 1942, manila ilitoweka katika masoko ya maadui zao, na katani ya Afrika Mashariki ikawa bidhaa ya vita. Meli nyingi zilifungwa gatini kwa jasho la wakata mkonge ambao hawakupata kuziona.

Kamba hizi za mimea zilikuwa na ila moja kubwa. Zilisokotwa kwa nyuzi fupi, kila unyuzi ukishikwa na jirani yake kwa msokoto tu. Maji yakiingia ndani hayatoki upesi. Ukungu huanza kula katikati ya kamba wakati nje ingali na rangi ya dhahabu. Mtu aliyeitazama kamba ya namna hiyo ikining'inia katika ukuta wa kituo cha zimamoto hakuweza kujua kama ina nguvu ya jana au ya miaka 10 iliyopita. Aliyetaka kujua aliifungua msokoto wake kidogo, akachungulia ndani, akanusa. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yote. Juu ya hayo, kamba ya mimea hairefuki sana inapovutwa ghafula, na kwa hiyo mtu aangukaye hupokewa kwa kishindo ambacho kamba, au mifupa yake, haikiwezi.

Wapanda milima ndio waliokuwa wa kwanza kulitazama jambo hili kwa jicho la uchunguzi. Desturi yao ya zamani ilikuwa na amri moja tu kwa kiongozi wa safari, nayo ni kwamba asianguke. Amri hiyo ilikuwa njema kwa asiyeanguka. Katika mwaka 1932 vijana fulani wa Berkeley, California, waliunda chama cha kupanda majabali, na mmoja wao, Richard Leonard, aliyekuwa mwanasheria, aliona kuwa si busara kungoja ajali ili mtu ajue kama kamba yake na mikono ya mwenzake vitamzuia. Basi wakafanya jambo lililoonekana na wengi kuwa kichekesho: walijizoeza kuanguka. Mmoja alijirusha kutoka juu ya jabali la Cragmont, lililo katikati ya mji, na mwenzake akamzuia kwa kamba iliyozungushwa mwilini. Kesho yake wakabadilishana. Kwa kuanguka hivyo mara nyingi, wakijua kuwa wataanguka, waligundua ya kwamba mshika kamba akiiacha ikimbie kidogo juu ya mwili wake badala ya kuikaza kama mti, kishindo hupungua sana. Vita vilipokuja Leonard aliingia katika kazi ya vifaa vya jeshi, na pamoja na Arnold Wexler, mtaalamu wa vipimo mjini Washington, wakaligeuza jambo hilo kuwa hesabu. Waliangusha uzito badala ya watu, wakapima, na makala yao ya mwaka 1946 ilieleza kwa tarakimu kile ambacho mikono ya vijana wa Berkeley ilikuwa imekwisha kukijua.

Wakati huo huo kamba yenyewe ilibadilika asili. Nailoni ilivumbuliwa katika mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, chini ya Wallace Carothers, na upungufu wa manila ukaifanya iwe kamba ya askari wa milimani. Unyuzi wa nailoni hauna mwisho mfupi. Waweza kutoka ncha moja ya kamba mpaka ya pili. Hauozi kwa maji. Hurefuka kwa theluthi moja au zaidi kabla ya kukatika, na kurefuka huko ndiko kunakomeza kishindo cha anguko. Katika mwaka 1953 kiwanda cha Edelrid cha Ujerumani kilitoa kamba ya namna mpya, yenye kiini na ala. Kiini ni fungu la nyuzi ndefu zinazochukua sehemu kubwa ya uzito, na ala ni mfuko uliosukwa kwa nje ili kukilinda na mchubuko, uchafu na jua. Aliyewahi kuona upanga ndani ya ala yake ataelewa kazi ya kamba hiyo bila ya maelezo zaidi. Baadaye zikatengenezwa za kiini na ala zisizorefuka sana, kwa ajili ya wachunguzi wa mapango, kwa sababu mtu anayeshushwa mita 60 katika shimo hapendi kuchezacheza kama ndoo kisimani.

Nyuzi hizi za viwandani ndizo zilizoishusha bei ya katani katika miaka ya 1960 na baada yake, na Tanzania, iliyokuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikaona mashamba yake yakirudi kuwa pori. Haifai kuinung'unikia nailoni kwa sababu hiyo, lakini ni haki kukumbuka kuwa maendeleo yaliyompa mmoja salama yalimnyima mwingine mshahara.

Sasa laja jambo la ajabu. Elimu hii yote ya wapanda milima na wachunguzi wa mapango ilikaa miaka mingi bila ya kuvuka njia na kuingia katika vituo vya zimamoto. Sababu si ujinga. Mzimamoto wa jiji kubwa alikuwa mtu wa ngazi. Gari lake lilikuwa na ngazi ya futi 100, inayofika ghorofa ya saba au karibu nayo, na ilipoweza kuegemezwa aliiamini kuliko uzi wowote. Kamba ilikuwa chombo cha mwisho, cha siku ambayo gari halikuweza kupita katika kichochoro, au dirisha lilikuwa nyuma ya nyumba. Aghalabu kamba ilinunuliwa kama ndoo inavyonunuliwa: kwa urefu na kwa bei. Pengine kamba ile ile iliyovuta mipira ya maji juu ya paa asubuhi ndiyo iliyotazamiwa kumbeba mtu jioni. Hapakuwa na sheria ya taifa iliyosema kamba ya kuokolea roho yapasa iwe na nguvu kiasi gani, wala ikaguliwe vipi, wala itupwe lini.

Tarehe 27 Juni 1980 moto uliwaka katika nyumba ya ghorofa huko Harlem, katika jiji la New York. Gerard Frisby, mzimamoto wa kikosi cha ngazi namba 28, alizingirwa ndani, akafika katika dirisha la juu, moto ukiwa nyuma yake. Hapakuwa na njia ya kumfikia kwa chini. Lawrence Fitzpatrick, wa kikosi cha uokozi namba 3, alifungwa kamba paani na wenzake wakamshusha kando ya ukuta mpaka usawa wa dirisha lile. Kamba ilimchukua. Alimfikia ndugu yake wa kazi, na yule aliyekuwa dirishani akamshika, akatoka nje kwake. Hapo kamba ikakatika, na wote wawili wakaanguka mpaka chini, wakafa.

Hapana aliyepungukiwa na ushujaa siku hiyo, wala aliyekuwa mvivu. Aliyeshuka alijua anashuka juu ya nini. Walioshika kamba walifanya kama walivyofundishwa. Msiba huu watofautiana na misiba mingi ya moto katika jambo moja: kilichowaua si moshi, wala ukuta, wala sakafu iliyoporomoka, bali ni chombo cha kuokolea chenyewe. Ilitosha kwa mmoja. Uzito wa wa pili ulipoongezeka, tena kwa mtikiso wa mtu anayeacha dirisha na kujitupa mikononi mwa mwenzake, haikutosha. Watu wakauliza swali ambalo lingaliweza kuulizwa miaka 50 nyuma: kamba hii ilikusudiwa kuchukua nini? Jibu halikuwako, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameikusudia kitu chochote kwa tarakimu.

Shirika la taifa la Marekani la kinga ya moto, ambalo tangu mwaka 1896 limekuwa likitunga kanuni za mambo kama haya, lilikusanya kamati. Kanuni yake ya kwanza ya kamba, mikanda ya mwili na vyuma vya kuokolea ilitoka katika mwaka 1985, ikapewa namba 1983. Namba hiyo huwapoteza wasomaji wengi, maana hufanana na mwaka, nayo siyo. Kamati ilianza kwa kumpima mtu. Mzimamoto pamoja na mavazi yake mazito, kofia, hewa yake mgongoni na shoka lake, akahesabiwa kuwa ratili 300, yaani kilo 136. Huyo ndiye mzigo wa mtu mmoja. Mzigo wa watu wawili basi ni ratili 600. Kisha wakaizidisha hesabu hiyo mara 15. Kamba ya mtu mmoja ikatakiwa isikatike kabla ya ratili 4,500, na kamba ya watu wawili isikatike kabla ya ratili 9,000, ambazo ni zaidi ya kilo 4,000.

Wako waliocheka. Wapanda milima, ambao roho zao zilikuwa zimetegemea kamba nyembamba kwa miaka mingi, waliuliza ni nani aliye na uzito wa magari matatu. Kamba ya ratili 9,000 huwa nene kama kidole gumba, hukaribia nusu inchi, ni nzito mabegani na ngumu kuifunga fundo. Ubishi huo haujaisha, nao una haki upande wake. Uzito mlimani humchosha mwokozi kabla hajafika. Lakini wenye ubishi husahau tofauti iliyopo baina ya watu hawa wawili. Mpanda mlima huijua kamba yake tangu dukani. Hulala nayo hemani, hujua jiwe gani liliichubua na siku gani. Mzimamoto huirithi kamba kutoka kwa zamu iliyotangulia. Huitumia usiku, katika moshi, akiwa amevaa glavu, juu ya ukingo wa matofali asioujua, kwa ajili ya mtu asiyemjua atakayefanya asilolijua. Zile mara 15 hazikuwekwa kwa ajili ya uzito. Ziliwekwa kwa ajili ya mambo yote ambayo mtu hawezi kuyapima katika dakika ile: fundo, ambalo peke yake huweza kuipunguza kamba robo ya nguvu zake au zaidi, maji, umri, mtikiso, na ukingo.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kali katika jambo jingine pia. Kamba ikishatumika kuokoa mtu mara moja, ilitakiwa iondolewe katika kazi ya kuokoa. Wahasibu wa miji midogo waliguna, na baadaye shuruti hiyo ililegezwa, kamba ikaruhusiwa kurudi kazini baada ya kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi na kuandikwa katika daftari lake. Hata hivyo ule ukali wa kwanza ulifanya kazi ya mwalimu. Kamba ya kuokolea ilitengwa na kamba ya kazi nyingine, ikapewa mfuko wake, ikakatazwa kukaa karibu na betri za magari, kwa kuwa mvuke wa tindikali huila nailoni bila ya kuacha alama inayoonekana, na ikapewa historia iliyoandikwa. Kitu chenye daftari hakiwi tena ndoo.

Lakini kamba, hata iwe na nguvu gani, haijifungi yenyewe. Hapa ndipo mafunzo yalipoanza kuwa kazi ya kweli, na walimu wake wa kwanza walitoka milimani na mapangoni, kwa watu wale wale ambao hapo kwanza hawakuulizwa. Mwanafunzi wa uokozi wa kamba haanzi kwa kuning'inia. Huanza kwa nanga, maana kila kitu kingine huitegemea. Hufundishwa kuitazama paa na kuuliza kipi katika vitu vinavyoonekana imara ni imara kweli: bomba la moshi lililojengwa kwa matofali laweza kumdanganya, nguzo ya chuma ya ngazi yaweza kumfaa. Hufundishwa kufunga kamba katika nanga mbili na kuangalia pembe. Kamba mbili zinazokutana kwa pembe nyembamba hugawana mzigo nusu kwa nusu. Zikitanuliwa mpaka pembe ya digrii 120, kila moja huchukua mzigo mzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Wanafunzi wengi hawaliamini jambo hili mpaka walione katika mizani.

Baadaye huja ukingo. Kamba iliyokazwa na uzito hukatwa na ncha ya tofali au bati kwa urahisi unaotisha, na kwa hiyo hakuna anayeshushwa kabla ukingo haujavikwa turubai, mpira au magurudumu madogo. Huja mafundo, na hapa idadi si sifa. Anayejua mafundo 6 gizani, kwa vidole vyenye baridi, humpita anayejua 60 mezani. Huja makapi. Kwa kuipitisha kamba katika makapi mawili kwa umbo kama la herufi Z, watu wachache hupandisha mzigo kwa theluthi moja ya nguvu, lakini hulipa kwa urefu: mita 3 za kuvuta kwa kila mita 1 ya kupanda, na msuguano hudai sehemu yake. Baharia yeyote wa pwani aliyewahi kutweka foromali nzito kwa kapi na gofia angekaa katika darasa hilo kama mtu aliyerudi kwao.

Liko pia fundo la Karl Prusik, mwalimu wa muziki wa Austria, aliyelieleza katika mwaka 1931. Ni ugwe mwembamba uliozungushwa mara kadhaa juu ya kamba nene. Likiwa halina mzigo husukumwa kwa vidole viwili. Likipata mzigo huuma. Waokozi wa British Columbia katika Kanada walilichukua fundo hilo katika miaka ya 1980, wakayatumia mawili kwa pamoja kuishikilia kamba ya pili. Maana wao hawakuridhika na kamba moja. Mwokozi na mwenye kuokolewa walishuka juu ya kamba ya kazi, na kando yake ikateremka kamba ya akiba, mikononi mwa mtu mwingine, kwa nanga nyingine, ikingoja ya kwanza ikatike. Tena hawakuikubali kwa maneno. Waliweka jaribio: uzito wa watu wawili na vifaa vyao uliachwa uanguke mita 1 huku ukiwa umeshikwa na kamba ya mita 3, na namna yoyote ya kushika kamba iliyoshindwa kuuzuia ndani ya mita 1 nyingine haikupewa idhini. Namna nyingi zilizoaminiwa kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na mikono ya watu wenye nguvu, zilishindwa. Vijana wa jabali la Cragmont wangalifurahi kuyaona hayo, kwa kuwa ni mchezo wao ule ule, safari hii na uzito wa mtu wa pili juu yake. Siku hizi vikosi vingi huzikaza kamba zote mbili kwa pamoja, kila moja ikichukua nusu, ili ya pili isipokee mzigo wote kwa kishindo.

Jambo ambalo wageni huliona geni katika mafunzo haya ni utaratibu wa kauli. Mmoja tu huamrisha: shusha, vuta, polepole. Mkubwa wake akiwapo hunyamaza. Lakini neno "simama" ni la wote. Mwanafunzi wa siku ya kwanza akilitamka, kazi yote husimama, na haulizwi cheo chake. Kadhalika hakuna anayevuka ukingo kabla mwenzake hajamgusa kwa mkono mkanda, pete na fundo, moja moja. Kuangalia kwa macho hakuhesabiwi.

Msomaji aweza kudhani kuwa baada ya haya yote jiji la New York lilikuwa limemaliza kulipa. Sivyo. Kamba ya watu wawili ilikuwa imepata sheria yake, lakini iko nyingine, ndogo, ya mtu mmoja: ile ambayo mzimamoto huweka mfukoni ili ajiokoe mwenyewe anapofungiwa dirishani. Wazimamoto wa New York waliwahi kupewa kamba za namna hiyo, na katika mwaka 2000 zikaondolewa katika vifaa vyao. Jumapili tarehe 23 Januari 2005, katika tufani la theluji, moto uliwaka katika nyumba ya ghorofa nne katika mtaa wa Bronx. Ndani, vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa kuta zisizo halali, hata njia ya kufikia ngazi ya nje ikazibika. Bomba la maji la barabarani lilikuwa limeganda. Wazimamoto sita walifikishwa na moto kwenye madirisha ya ghorofa ya nne, upande wa nyuma, ambako ardhi ilikuwa chini zaidi. Mmoja wao alikuwa na kamba aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe. Yeye na mwenziwe wakajaribu kushuka kwayo. Wanne hawakuwa na kitu. Wote sita walifika chini kwa kuanguka, wengine anguko zima, wengine sehemu yake. Luteni Curtis Meyran na John Bellew walikufa. Wanne waliishi, na miili yao iliyovunjika.

Si kweli kwamba kamba pekee ingaliwaponya wote. Dirisha la moto humpa mtu sekunde, wala si dakika, na mtu asiyezoea hawezi kupata nanga katika sekunde. Hilo ndilo lililowashughulisha wazimamoto waliopewa kazi ya kubuni chombo kipya mwaka ule ule. Katika chumba kinachowaka hakuna nguzo ya kuchagua wala pembe ya kupima. Basi wakatengeneza kulabu ya chuma ambayo yaweza kubanwa katika kona ya dirisha lenyewe, au kuzungushwa juu ya bomba, au kupigiliwa katika ukuta. Uzito wa mtu ndio unaoikaza. Kiwanda cha Petzl cha Ufaransa, kilichozaliwa katika uchunguzi wa mapango, kilifanya kazi pamoja nao katika chombo cha kushukia, ambacho hujikaza mkono ukiachia. Nailoni haikuchaguliwa safari hii. Nailoni huyeyuka kwenye joto la digrii 250 hivi, na chumba kinachowaka hupita hapo upesi. Kamba ilifumwa kwa nyuzi za aramidi, ambazo haziyeyuki, nyembamba kama kalamu, urefu wa mita 15.

Kabla ya kupewa mfuko huo, mzimamoto hupelekwa katika mnara wa mafunzo. Hutoka dirishani kwa kichwa na mkono kwanza, akibaki chini ya mstari wa moto wa kudhaniwa, akiwa na mavazi yote na mtungi mgongoni, tena na tena, mpaka mkono uijue kulabu ilipo bila ya kuulizwa. Wengi husema kuwa mara ya kwanza ndiyo ngumu, si kwa sababu ya urefu, bali kwa sababu mwili hukataa kuuacha ukingo wa dirisha. Mwalimu hamsukumi. Humngoja.

Ile kanuni ya mwaka 1985 imetengenezwa upya mara nyingi, na katika mwaka 2022 iliunganishwa na nyingine mbili za jamii yake, ikapewa namba 2500. Vyombo vinavyoifuata hupigwa mhuri wa herufi: E kwa kamba ya kujiokolea, isiyokatika kabla ya kilonyutoni 13.5; T kwa kazi ya wataalamu wanaojua kupunguza uzito wa vifaa vyao; na G kwa kazi ya wote, yaani kwa mwokozi asiyejua atamkuta nani dirishani. Kamba ya G haikatiki kabla ya kilonyutoni 40. Ni zile zile ratili 9,000.